Jasho la Kutumwa Nyumbani

Haya, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako, nakutegea. Mikono yake iko kwetu, tumbo lake liko kwao. Nani huyo?

Usiniambie mwizi. Mwizi huja na tumbo lake, tena hulijaza. Usiniambie mkwe, maana mkwe ndiyo kabisa. Umeshindwa? Basi nipe mji, na usinipe mji wa vumbi. Nipe wenye mto na soko la ndizi. Ahsante, nimefika, nimepokewa, nimekaa. Jibu lake ni kivuli.

Si kivuli cha jua. Nasema vivuli vya mabomba na mpira, vile vilivyoletwa Heivumba, juu kule milimani Upare, katika miaka ya kodi mpya. Kimo chake kilikuwa cha mtu. Uso hakikuwa nao, kilikuwa na kioo kidogo cha kuonea na kifuani kitundu cha kutolea sauti. Mwenyewe, mtoto wa kijiji aliyekiendesha, alikuwa ng'ambo, amesimama chumbani kwake amevaa vazi la kubana kama la mzamiaji. Akiinua mkono huko, kivuli kinainua mkono huku. Jembe likigonga jiwe Heivumba, kiwiko kinauma Ulaya. Kati ya tendo la huko na tendo la huku palikuwa na mwanya mdogo, kama kupepesa jicho, ndiyo maana ukimtania mtu aliye ndani ya kivuli alicheka kwa kuchelewa kidogo, kama mzee asiyesikia vizuri kwenye harusi.

Vivuli havikuja kwa ajili ya utani. Vilikuja kwa sababu ya kodi.

Mwanzo walioko ng'ambo walituma hela. Nyumba zikapata bati na vigae, na vijana waliobaki wakapata viti vya kukalia. Serikali ilipotazama kutoka juu iliona mashamba yamelala, ikauliza kwa nini. Ikajibiwa kwamba anayeletewa haendi kutafuta. Basi ikatunga Kodi ya Mikono Iliyolala. Nyumba inayopokea hela ya ng'ambo huku ina mtu mzima mwenye nguvu asiyefanya kazi, hela ile hukatwa kipande kikubwa kabla haijafika.

Watu wa Heivumba hawakulalamika sana. Walipunguza kutuma hela, wakaanza kutuma jasho. Jasho halikuwa na kodi. Kivuli kinakwenda shambani, nyumba inahesabiwa kwamba inafanya kazi, na mikono iliyolala inajigeuza upande wa pili.

*

Sasa uijue ndiva, la sivyo hutanielewa. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, juu ya mashamba. Maji ya mlimani huingia humo usiku, asubuhi huzibuliwa, yakashuka mferejini, kila nyumba kwa zamu yake. Lakini maji huja na tope, na tope likiachwa ndiva hugeuka kiwanja. Kwa hiyo lipo gunda, pembe ya kuitia watu, na upo msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Gunda likilia, kila nyumba hutoa mtu wa kuzoa tope. Usipotoa mtu, zamu yako ya maji inapewa mwingine.

Ndiva haipokei hela, na hiyo ni sheria ya zamani. Haipokei mashine pia, na hiyo ni ya juzijuzi. Mwenye duka mmoja alileta trekta badala ya wanawe, likapasua ukingo, maji yakashuka na migomba ya watu. Tangu siku ile ikasemwa: anaingia mtu.

Kazi ikiisha huliwa makande, mahindi na maharage ya chungu kimoja. Hapakuwa na mtu wa kuandika waliokuja. Aliyekula ndiye aliyechimba, na aliyechimba lazima ale. Mpakuaji alikuwa Nakijwa, mama mmoja mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mbuzi bonde la pili. Wengi walimwita Mama Navo, kwa jina la binti yake mkubwa Navoneiwa aliyekuwa Ufini akitunza wazee katika nyumba ya wazee.

Vivuli vilipoanza kushuka ndivani, wanawake wa chungu walipata mtihani. Huyu amechimba tangu asubuhi, aende hivihivi? Aibu hiyo ataibeba nani? Wakakubaliana bila mkutano. Kila kivuli kikapakuliwa sahani yake, ikaitwa kwa jina la mwenyewe, ikafunikwa jani la mgomba, ikapelekwa nyumbani kwao ili mtu amlie. Sahani ya Navoneiwa aliilia kaka yake, Sekiete. Kijiji kizima kililiona jambo hilo ni adabu tu.

Siku afisa wa kodi alipofika, msaragambo ulikuwa umekolea. Aliitwa Lutengano, kijana wa Rungwe, mpole, viatu vyake amevishika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu makande. Hata mtoza kodi ana utumbo."

Alicheka, akaketi juu ya jiwe, akapewa sahani. Akala kwa raha. Kisha akaziona sahani zilizofunikwa majani, zimepangwa kivulini kwa mstari.

"Na hizi, mama, za wagonjwa?"

"Wagonjwa wa nini? Za wachimbaji. Hii ya Navoneiwa, binti yangu."

"Yuko wapi nimsalimie?"

Nakijwa alimwonyesha kwa mdomo. "Si huyo pale, mwenye kitambaa cha kijani shingoni. Nimemfunga mwenyewe, asije akachanganywa na wa Mama Mbazi. Wa Mama Mbazi anachimba kama anabembeleza tope."

"Nimekusikia!" alisema Mama Mbazi kutoka upande wa pili wa chungu. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Lutengano aliacha kutafuna. "Mama, unasema binti yako yupo hapa?"

"Baba, macho unayo. Juzi amenipalilia tangawizi. Jana amenifungia kuku. Yupo, kila siku yupo."

"Na anakula hapa."

"Asipokula hapa ale wapi? Hapa si ndiyo kwao?"

Yule kijana aliiweka sahani chini polepole, kama mtu aliyeona unywele ndani yake na hataki kumwaibisha mpishi.

Mwaka ule ilikuwa imepita sheria nyingine. Waliitunga kwa ajili ya matajiri wanaojificha ng'ambo huku wanaishi nchini. Ilisema kwamba mkazi hulipa kodi ya kipato chake chote, popote anapokipata. Na mkazi ni nani? Walipokosa neno la kumfunga tajiri, waliandika kwamba mkazi ni yule anayeshiriki kazi na chakula cha kaya. Waliona wamemaliza. Hawakuwa wamefika Heivumba.

"Mama," alisema Lutengano, "mimi sikuja kwa ajili yako. Nilikuja kuhesabu vivuli. Ila umeniambia mwenyewe, mbele ya watu, kwamba anafanya kazi hapa na anakula hapa. Kwa sheria huyo ni mkazi. Mshahara wake wa Ufini unaingia kwenye kodi yetu, na wa miaka ya nyuma pia, tangu alipoanza kula."

"Huko kwani hawamkati?"

"Wanamkata."

"Na nyinyi mtamkata."

"Na sisi tutamkata."

"Sasa yeye atabaki na nini?"

"Na sahani ya makande," alisema Mama Mbazi. Watu wakacheka. Vivuli navyo vikacheka, baadaye kidogo.

Lutengano hakucheka. Alivaa kiatu kimoja, akakivua tena kwa ajili ya tope. "Sijaandika kitu. Msaragambo ujao nitarudi, nitauliza hadharani kila nyumba yenye kivuli. Nitauliza neno moja tu, yupo au hayupo. Jibu nitakalopewa na wazazi ndilo nitakaloandika, sitalipindisha. Fikirini."

*

Kesho yake Nakijwa alimfuata mwenyekiti wa ndiva, Mzee Senkondo, ambaye alikuwa amepiga magoti akitengeneza kizibo cha mferejini.

"Shemeji, nikisema hayupo?"

"Ukisema hayupo, kile kinachochimba ni nini?"

Nakijwa akachuchumaa kando yake.

"Mimi kodi siijui," alisema Senkondo. "Mimi najua tope. Niliviruhusu vivuli kwa sababu mlinihakikishia ni watoto wetu, na nikawasikia sauti zao, nikaridhika. Ukisema hadharani kwamba mtoto hayumo, basi umeleta mashine. Nilimfukuza mwenye duka na trekta lake, nikuache wewe kwa sababu unapika vizuri?"

"Hapo zamu yangu ya maji inakwenda."

"Inakwenda. Tangawizi yako iko mtelemko wa jua. Bila maji haifiki mvua za vuli."

"Ninaye Sekiete."

Senkondo alicheka mpaka kizibo kikamponyoka. "Sekiete! Mara ya mwisho tope kumwona Sekiete, alikuwa bado analila."

Nyumbani Sekiete alikuwa kibarazani. Alikuwa mwanamume mzima, mabega kama mlango wa kanisa, miguu safi. Mama yake alimweleza. Alisikiliza vizuri, maana hakuwa na adabu mbaya. Mvivu wa kweli hata kusikiliza huona kazi, na Sekiete hakuwa hivyo.

"Mama, sema yupo," alisema. "Atalipa."

"Kwa hela gani?"

"Ataongeza zamu huko kazini."

"Na wewe utaongeza nini?"

"Usinitazame hivyo. Mimi nimekaa nikapima. Malipo ya siku yangu nzima ya jembe, Navo anayapata huko kabla chai yake haijapoa. Nikienda kuchimba, hii nyumba haiongezeki hata kijiko. Nikilala, haipungui. Sasa kipi kiniamshe? Tangawizi? Wanunuzi wenyewe wanakuja na bei yao mfukoni, wanatupangia. Nipe sababu moja, nitaamka."

Nakijwa alitafuta sababu. Alizunguka kuku, akazunguka stoo, akarudi. Hakuipata. Yule kijana alikuwa amesema kweli, na ubaya wa ukweli ule ni kwamba ulikuwa umekaa kwenye kiti.

Kitendawili kingine, huku unanisubiri: nimempa akala, nimempa akavaa, nimempa akasahau kusimama. Hicho sikutegulii. Kila mtu anaye wake.

*

Vivuli vilichajiwa stoo, na Navoneiwa alikuja asubuhi baada ya kutoka kazini. Huko Ufini alikesha na wazee, akawageuza vitandani, akawapa dawa. Alfajiri alirudi chumbani kwake, akavaa vazi, akashuka Heivumba. Saa ya Ufini na ya kwetu hazipishani sana. Kwa hiyo muda aliokuwa analima kwa mama yake ndio ulikuwa muda wake wa kulala. Alikuwa analimia usingizini mwake. Mambo hayo aliyasema kidogokidogo, na mama yake hakuwahi kuyaunganisha mpaka wiki ile.

Walikuwa jikoni, mama na kivuli, wanachagua maharage. Vidole vya mpira vilikuwa vyepesi, vinatupa mawe pembeni bila kukosea. Nakijwa alimweleza habari ya kodi tangu mwanzo.

"Sema nipo," alisema Navoneiwa kifuani mwa kivuli.

"Watakukausha."

"Wanikaushe. Mama, mimi nipo kweli. Najua kuku gani anataga nyuma ya kinu. Najua mlango wa stoo unakwama mvua ikinyesha. Najua Mama Mbazi kagombana na wakwe zake, na najua kwa nini. Mtu anayejua haya yupo au hayupo?"

"Yupo," alisema mama yake.

"Basi."

"Na huko je?"

"Huko kazini tu. Huko nimelala au niko kazini."

"Unalala saa ngapi, wakati saa hii uko jikoni kwangu?"

Kicheko kilikuja baada ya mwanya wake. "Nitalala kesho."

Nakijwa alitupa jiwe moja nje ya mlango. "Leo kukoje?"

"Kuna mawingu, naona yanatokea upande wa—"

"Hayo nayaona mwenyewe. Kwako. Nje ya dirisha lako."

Kivuli kiliacha kuchagua. Kupitia kile kitundu zilisikika nyayo, zikasikika pete za pazia zikiburuzwa.

"Theluji," alisema Navoneiwa. "Sikujua imeshaanza."

"Imeanza leo?"

"Sidhani. Ni nyingi."

Mama yake alichagua maharage kwa muda. Mwisho akauliza, kama anauliza bei ya chumvi: "Jirani yako anaitwa nani?"

"Jirani yupi?"

"Wa mlango wa pili. Hapo unapoishi."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wowote, mwanangu. Yeyote unayemjua."

Kivuli kilikuwa kimeshika harage moja kati ya vidole viwili. Mwanya ule wa kupepesa jicho ulipita, ukapita mwingine, na mwingine. Jogoo akaingia jikoni, akafukuzwa, akatoka.

"Mama," alisema Navoneiwa, "haya maharage yameingia dudu."

*

Gunda lililia siku ya msaragambo, na watu walijaa kuliko kawaida, maana hata wale wasiopenda tope walipenda kusikia. Vivuli vilikuwa chini ndivani pamoja na wanawake na wazee, tope magotini. Cha kijani shingoni kilichimba kwa bidii kuliko siku zote, kama mtu anayetaka kuonekana.

Lutengano alisimama ukingoni, na mwenyekiti Senkondo kando yake. Alianza na Mama Mbazi.

"Mwanao Kirumbi. Yupo au hayupo?"

Mama Mbazi aliutazama mfereji, akaitazama bustani yake ya nyanya kule chini. "Yupo," alisema. "Andika. Shetani wa kodi namjua, wa ukame simwezi."

Lutengano akaandika. Nyumba mbili nyingine zikasema yupo. Moja ikaomba muda ikanyimwa. Kisha akaja mbele ya chungu, ambako Nakijwa alikuwa ameshika upawa, na sahani zimepangwa.

"Mama, sahani hii ni ya nani?"

Kila mtu alijua kilichokuwa kwenye mizani, kwa hiyo sitakirudia kwa urefu. Akisema yupo, binti atalipa kote kuwili, ataongeza zamu juu ya zamu, na atakuwa hana tena saa ya kulala wala ya kuwa macho. Akisema hayupo, maji yanakwenda, tangawizi inakwenda, na pamoja navyo anaondoka yule mtu wa jikoni anayejua kuku anataga wapi. Hakuna aliyemwonea wivu.

"Hiyo sahani," alisema Nakijwa, "nilikuwa najipakulia mimi."

"Navoneiwa?"

"Hayupo."

Kule chini jembe lilisimama hewani. Mwanya ukapita.

"Mama!" Sauti ilitoka kifuani mwa kivuli, kubwa, ikagonga kingo za ndiva. "Mama, nipo! Mwambie nipo! Baba afisa, mimi ndiye Navoneiwa binti Nakijwa, nipo hapa, niandike!"

Lutengano alimtazama mama, akatazama kivuli. Kalamu yake ilikuwa kati yao. "Mama, anasema yupo."

"Hiyo ni sauti, baba. Sauti husafiri. Kengele ya kanisa inafika Kisiwani kule chini, lakini kanisa halijahama." Akaubana upawa kwapani. "Mwenye sauti hiyo yuko Ufini. Theluji imejaa nje ya dirisha lake, na yeye hajaiona. Uliahidi utaandika jibu la mzazi. Mzazi ni mimi. Andika."

Lutengano akaandika.

Nakijwa alishuka ukingoni na viatu vyake. Alikifungua kile kitambaa cha kijani shingoni mwa kivuli, akakikunja, akakitia kifuani mwake. "Toka, mwanangu," alisema kwa sauti ambayo wa juu hawakuisikia, ila Mama Mbazi aliyekuwa amemfuata ndiye aliyesimulia. "Toka ndivani. Nenda kalale."

Kivuli kilibaki kimesimama. Halafu mabega yake yakashuka, kama vivuli vinavyokuwa mwenye vazi akilivua. Hakikuwa na mtu tena. Ilibidi wanaume wawili wakivute kwa kamba, na kilikuwa kizito kuliko walivyodhani.

Mzee Senkondo alisubiri. Hakuwa mtu mbaya, lakini sheria ilikuwa yake. "Nyumba ya Nakijwa," aliita. "Nani?"

Watu walimtafuta Sekiete kwa macho. Alikuwepo, nyuma kabisa, miguu safi, akiangalia pengine. Nakijwa hakumtazama. Alifunga kanga yake ya pili kiunoni, akaliokota jembe palepale lilipoangukia.

"Mimi," alisema. "Na makande yapakue mtu mwingine leo. Usiwanyime nyama ya juu, Mama Mbazi, nakuona."

"Makande yana nyama ya juu?" alisema Mama Mbazi, lakini alikuwa analia.

*

Navoneiwa hakupiga simu. Mwezi ukapita, na mwingine. Hela iliendelea kuja, imekatwa Kodi ya Mikono Iliyolala, kwa sababu sasa nyumba ilikuwa na mwanamume mwenye nguvu asiyefanya kazi na hapakuwa na kivuli cha kumfichia. Ilikuja bila salamu. Kivuli kilikaa stoo, kuku wakakizoea, mmoja akawa analalia mabegani.

Nakijwa alichimba msaragambo mmoja, akachimba wa pili. Mgongo wake ulikataa kunyooka, akawa anatembea kama anatafuta sindano. Watu waligawanyika. Wapo waliosema amemkana mtoto ili kukwepa kodi, na wapo waliosema amemfungulia mlango. Wote walisema hivyo wakiwa wamekaa.

Msaragambo wa tatu, gunda lilipolia, Sekiete alishuka. Usitegemee nikuambie alilia au aliona aibu. Alikuwa amekaa akapima tena. Saa ya kazi ya dada yake sasa haikuweza kununua maji, maana ndiva haiuzi. Mama akianguka, zamu inakwenda, na hakuna hela ya Ufini itakayoirudisha. Pia alijua kwamba siku akiandikwa anafanya kazi, kile kipande cha kodi kinaondolewa. "Mama," alisema akivua viatu, "ile sababu niliyokuomba. Nimeiona." Akaingia mpaka mapajani, na vijana wengine wakamcheka, na siku hiyohiyo wawili kati ya waliocheka wakaitwa na mama zao.

Lutengano aliandika taarifa kwamba Heivumba mikono imeamka na sera imefaulu. Yawezekana. Ila Kirumbi wa Mama Mbazi, aliyeandikwa yupo, aliongeza zamu ya tatu huko aliko. Kivuli chake kilianza kusinzia kimesimama, jembe mkononi, tope linakizunguka. Wakubwa walitaka kujua hilo nalo liwekwe kwenye safu gani ya taarifa. Lutengano, nasikia, aliandika barua ya kuomba sheria irekebishwe. Barua zina miguu mifupi.

Jumapili moja mchana, Nakijwa alikuwa uani ameanika tangawizi. Simu ililia, simu ya kawaida tu, ya kushika sikioni. Aliitazama kwanza, akafuta mikono, akaiitikia.

"Mama."

"Navo."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mgongo?"

"Upo. Nani kakuambia habari za mgongo?"

"Sekiete kaniandikia. Anajisifu ana malengelenge." Alinyamaza. Kwenye simu hapakuwa na ule mwanya wa vivuli, kimya kilikuwa kimya chake mwenyewe. "Mama, sijakusamehe. Nataka ujue. Ulinitoa mbele ya watu."

"Nimesikia."

"Mwezi mzima nilikuwa nalala tu. Natoka kazini, nalala. Nikiamka sijui nifanye nini na mikono. Nikanunua redio."

"Vizuri."

"Si vizuri. Ngoja. Kuna mtu mlangoni."

Nakijwa alisubiri. Alisikia mlango ukifunguliwa, sauti ya mwanamke mkubwa ikisema maneno mengi makavu ya kigeni, Navoneiwa akijibu machache, yule akisema mengine, mlango ukifungwa. Aligeuza vipande vichache vya tangawizi upande wa jua.

"Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Anaitwa Pirkko," alisema Navoneiwa. "Wa mlango wa kushoto. Amekuja kunigombeza, eti redio yangu ina kelele."